Zulia Chini ya Pedali

Kila alasiri basi la shule lilipomshusha Muhsina kwenye kona ya mtaa wao wa Darsait, mjini Maskati, yeye alikuwa na mwendo mmoja tu: begi huku, viatu kule, shikamoo kwa Bibi akiwa mbioni, kisha jikoni kuchungulia kilichobaki sufuriani. Alikuwa na miaka kumi na miwili na kukaa kitako hakujui. Bibi yake, Bi Sayyida, husema mtoto huyu kama amepakwa upupu.

Lakini wiki ile ya Januari hakuingia jikoni. Alikwenda moja kwa moja uani, akatazama huku na huku, akafungua polepole mlango wa gari la marehemu babu yake. Akapiga magoti. Akainua zulia dogo jekundu lililotandikwa chini ya pedali, akaanza kufuta kwa kipande cha khanga kuukuu, haraka haraka. Khanga ikalowa. Imelowa tena! Jana alifuta mpaka pakakauka, na juzi vivyo hivyo.

"Mafuta gani haya yasiyokwisha?" alinong'ona, karibu alie.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, refu, la zamani, lenye mabati yanayong'aa kama vijiko vya sikukuu. Babu alilinunua miaka ile familia ilipohamia Maskati kutoka Unguja, na tangu hapo hakuna bibi harusi wa nyumba ile aliyepanda gari jingine. Mama yake Muhsina aliletwa humo. Sasa ilikuwa zamu ya Shangazi Maram, mdogo wake Baba, ambaye Alkhamisi angepelekwa kwa mumewe huko Al Amerat, ng'ambo ya milima. Maram alikwisha sema wazi, "Nisipopanda gari la baba yangu, basi siolewi!" Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Basi Muhsina alikuwa amefanya nini? Siku chache nyuma alichukua bila ruhusa chupa ya mafuta ya nazi ya Shangazi, yale mazuri yaliyoletwa kutoka Unguja, akaingia nayo garini ajipake nywele mbele ya kile kioo kidogo. Akakaa kwenye kiti cha dereva, kiti ambacho Baba amekataza mtoto yeyote asikiguse. Akajipaka, akajitazama, akajigeuza huku na huku kama ndiye bibi harusi. Chupa ikamponyoka ikaangukia pedali. Mafuta chwaa!

Alifuta. Akairudisha chupa mahali pake ikiwa nusu. Ili doa lisionekane, akatandika lile zulia jekundu la Bibi, na ili harufu isisikike, akafukiza udi. Na hapo ndipo mambo yalipomzidia, kwani Bibi alipoona, alifurahi mno.

"Mashallah! Mtazameni mjukuu wangu, amelipamba gari la harusi bila ya kuambiwa!" Bibi akambusu kwenye paji la uso mbele ya wote. Muhsina alitamani ardhi immeze.

Huku nyuma Baba naye alikuwa na kero yake. Bwana Marhoon, ndilo jina lake, alifanya kazi wizarani, lakini akili yake yote wiki ile ilikuwa uani. Kila akifungua boneti alikuta kichupa cha mafuta ya breki kimepungua. Anajaza, kesho kimepungua. Akatandika maboksi chini ya gari ili aone tone linaangukia wapi. Asubuhi akainama, akapapasa. Makavu.

Akamwita Elias, fundi wa kutoka Tanga aliyefanya kazi katika gereji ya jirani. Elias akapiga jeki, akavua matairi yote, akafuatisha mabomba kwa kidole kutoka mbele mpaka nyuma.

"Bosi, huku kukavu kabisa," alisema akijifuta mikono. "Na mafuta ya breki hayapotei hivihivi kama maji juani. Yanatoka mahali. Ndani umeangalia?"

"Ndani pana zulia jipya, fundi. Kavu, tena linanukia udi."

Elias akaingiza kichwa, akaligusa zulia, akavuta pumzi. "Kweli, panapendeza," akasema, akafunga mlango.

Muhsina alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, khanga yenye mafuta ameikumbatia kifuani. Alikuwa ametoka kufuta muda mfupi tu uliopita. Afadhali, alijiambia, hawakuona doa langu. Lakini hakusikia afadhali yoyote. Sahani ya chakula aliisukuma pembeni. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Mama akamuuliza kama tumbo linamuuma, akasema hapana, kisha akasema ndiyo.

"Mimi nnasema liacheni hilo gari," Mama alimwambia Baba siku ile. "Kodisheni jipya."

"Na Maram nimwambie nini? Gari la babake hili." Baba akashusha pumzi. "Nitajaza mafuta, nichukue na chupa ya akiba. Al Amerat si mbali. Tutakwenda polepole."

Jumatano, siku moja kabla ya harusi, watoto wa nyumba ile hawakwenda shule. Palikuwa na baridi ile ya Januari ambayo Maskati huipata asubuhi tu, na wanawake wote walijifunika mashali. Shangazi Maram, mikono yote miwili ina hina mbichi, aliita kutoka chumbani, "Muhsina! Njoo unipake mafuta ya nywele, mimi sina mikono leo!"

Muhsina akaichukua ile chupa. Akaiinamisha juu ya kiganja. Kimya. Akaitikisa. Hakuna kitu.

"Yameganda, mama," Shangazi akacheka. "Kwetu Unguja husikii habari hizo, lakini hapa kila mwaka baridi ikija yanakuwa meupe kama samli. Kaichovye kwenye maji ya moto."

Muhsina hakuondoka. Aliitazama chupa, mafuta meupe, magumu, yameng'ang'ania ndani. Mafuta haya haya. Chupa hii hii. Na kule garini, kwenye baridi hiyo hiyo?

Alitoka mbio na chupa mkononi huku Shangazi akiita, "We! Unakwenda wapi?" Alipofika uani alifungua mlango wa gari, akainua zulia, akapitisha kidole. Majimaji. Yanateleza, mepesi, hayana hata dalili ya kuganda. Akakinusa kidole. Hapakuwa na harufu ya nazi hata chembe.

Hayakuwa mafuta yake. Mafuta yake aliyafuta yakaisha siku ile ile. Haya ni yale yanayotafutwa na Baba, na yeye ndiye aliyekuwa akiyafuta kila alasiri.

"Muhsina, sogea mwanangu, tunaondoka." Baba alikuwa nyuma yake, funguo mkononi. Bibi alikuwa akija taratibu na buibui lake, na sinia za halua zilikwisha pangwa kiti cha nyuma. "Nnampeleka Bibi yako Al Amerat akakabidhi vyombo. Tutarudi adhuhuri."

Hapa, msomaji, ingekuwa rahisi kusema tu, "Baba, kuna majimaji hapa," kisha kunyamaza. Muhsina alilifikiria hilo. Lakini Baba angeuliza tangu lini, na nani aliweka zulia, na kwa nini. Kisha akamtazama Bibi akishika mlango ili apande, na hofu ikaishinda aibu.

"Bibi, usipande!" alipiga kelele. "Baba, usiendeshe! Mafuta yanatoka hapa, chini ya pedali. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyafuta!"

"Unayafuta? Kwa nini?"

Akayamwaga yote: kiti cha dereva, kioo, chupa, doa, zulia, udi, khanga. Alisema huku akilia, na makamasi yakimtoka, hajali. Baba alimtuma jirani akamwite Elias.

Elias akaja, akalitupa zulia nje, akalala kifudifudi sakafuni mwa gari na kurunzi yake. "Bosi, kanyaga breki. Shikilia hapo hapo."

Baba akakanyaga. Mwanzo pedali ilikuwa ngumu. Kisha, taratibu, bila yeye kuongeza nguvu, ikaanza kuzama. Ikazama mpaka ikagusa chini.

"Ehee! Huyu hapa!" Elias akapaza sauti. "Mpira wa masta silinda, hii pampu ya breki, umekwisha. Badala ya kusukuma mafuta kwenda kwenye matairi, unayarudisha ndani huku, yanachirizika ukutani kimyakimya mpaka chini ya zulia. Ndiyo maana maboksi yako makavu. Rangi yenyewe hapa imeanza kubanduka, tazama."

Baba alishuka. Jasho lilimtoka na baridi ile. Barabara ya Wadi Adai, ile ipitayo milimani kwenda Al Amerat, ilimjia machoni, kona zake, malori yake, na mama yake mzazi kiti cha nyuma amezishika sinia za halua. Akaketi kwenye kizingiti cha mlango.

"Bosi, mimi pia nimekosea," Elias akasema. "Niliona zulia zuri nikaliheshimu. Nilitakiwa nilitoe." Akaufungua ule mpira, akautia mfukoni, akaenda kwenye maduka ya vipuri ya Ruwi kutafuta wa kipimo hicho, na alasiri akarudi nao anatabasamu.

Baada ya kuufunga, ilibidi hewa itolewe kwenye mabomba, na kazi hiyo inataka mtu wa pili wa kukanyaga pedali. Baba alikuwa chini ya gari akimshikia Elias taa. "Muhsina!" akaita. "Panda kiti cha dereva."

Muhsina alidhani hakusikia vizuri. "Mimi?"

"Wewe. Leo nimekupa ruhusa. Na ufanye vile unavyoambiwa."

"Kanyaga!" Elias akasema kutoka chini. "Shikilia... usiachie... haya, achia. Tena!" Muhsina akakanyaga, akashikilia, akaachia, mpaka mguu ukamuuma. Kwa mara ya kwanza wiki nzima alikaa mahali pamoja bila kutapatapa. Mwishowe pedali ikawa ngumu chini ya mguu wake, na ikabaki ngumu.

Magharibi Bibi alimwita akae karibu naye, na Baba akawapo. Muhsina alikuwa amekwisha mwomba Shangazi radhi kwa ajili ya mafuta, na zulia alikuwa amelifua mwenyewe, limeanikwa.

"Kiti ulikatazwa ukakikalia, na chupa hukupewa ukaichukua," Baba akasema. "Kwa hayo umekosa, na hina ya kesho hutapakwa. Lakini sikiliza hili. Mafuta kumwagika ni jambo dogo, yangefutwa yakaisha. Tatizo lilikuja ulipoficha. Ulidhani unafunika doa lako, kumbe unafunika na hatari yetu sote. Mtu akificha kosa lake, hajui ameficha na nini kingine."

"Na wewe usijisahau," Bibi akamkata. "Kila siku unajaza, unajaza, na safari ukaipanga! Huko nako si kufunika?"

Baba akainamisha kichwa. "Kweli, mama. Na mimi nimekosa." Kisha akamgeukia Muhsina. "Leo ulisema huku unaogopa. Hilo sitalisahau."

Alkhamisi, Shangazi Maram alitoka amefunikwa shela ya kijani, vigelegele vikajaa uani. Sakafu ya gari ilikuwa tupu. Bibi alikataza kabisa zulia lisirudishwe. Baba alifungua mlango wa dereva, lakini hakupanda. Alimtafuta Muhsina kwa macho katikati ya watu.

"Njoo uniangalizie," akasema.

Muhsina, mikono haina hina, alipiga magoti mbele ya watu wote na nguo yake ya harusi. Akapitisha kiganja chini ya pedali, ukutani, mpaka pembeni kabisa. Akakiinua Baba akione.

"Pakavu, Baba."

"Basi yallah," Baba akasema, akapanda, na gari likatoka kuelekea milimani.