Dawa ya Saa Saba

Kila siku alipotoka shule, Aliya hakwenda ufukweni kucheza na wenzake. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akavua viatu, akanawa mikono, kisha akachungulia chumbani kwa baba yake. Mama yake, Bi Kadidja, alikuwa sokoni Rumonge akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, na hakurudi mpaka jioni. Kwa hiyo dawa ya saa saba mchana na ile ya saa kumi na moja zilikuwa kazi ya Aliya, mtoto wa miaka kumi na mbili.

Baba yake, Amuri, alikuwa fundi wa mitumbwi. Wavuvi wa Minago, na hata wa Gitaza, walimfuata yeye. Lakini sasa saratani ilikuwa imejaa mapafuni, na hospitalini walisema hakuna tena tiba ya kuiondoa. Kutoka kitandani mpaka mlangoni tu alihema kama mtu aliyepanda mlima na gunia la mihogo kichwani.

Kila Alhamisi muuguzi Josias alikuja kwa pikipiki. Ndiye aliyeleta chupa ya dawa na bomba dogo la kupimia.

"Vuta mpaka mstari huu," alimwelekeza Aliya. "Usizidishe, usipunguze. Dawa hii haiponyi saratani, lakini itampunguzia shida ya pumzi."

Aliya alifanya hivyo kwa wiki mbili, na baba alipata nafuu. Aliweza hata kumsikiliza akisoma somo la Kifaransa na kumcheka alipokosea.

Kisha siku moja jirani yao, Mama Jephté, alileta ndizi, akaiona ile chupa.

"Mwanangu, hii si morfini?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kule Uvira shemeji yangu alipewa hiyo, hakumaliza wiki. Dawa hiyo inakata pumzi!"

Aliya hakumwuliza mama wala muuguzi. Kesho yake alivuta dawa mpaka mstarini, akaimwaga nyuma ya jiko, akajaza bomba maji ya sukari.

"Dawa ya leo si chungu," baba alisema.

"Nimetia sukari, baba."

"Asante, mwanangu."

Asante ile ilimchoma, lakini alijiambia kwamba anamwokoa.

Tangu siku hiyo mchana ukawa mateso. Baba hakuweza kulala chali. Aliketi ameshika ukingo wa kitanda, mabega yakipanda na kushuka, jasho likimtiririka. Majirani walikuja kumpa pole, wakajaa chumbani, wakafunga dirisha asipigwe na upepo, na moshi wa mkaa ukaingia kutoka uani. Siku ya tatu baba alimshika Aliya mkono.

"Aliya," alisema, akatweta. "Nina... zama."

Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kuogelea. Aliya hakuwahi kumwona akiogopa maji, wala kitu kingine chochote.

Siku ya nne Bi Kadidja hakwenda sokoni, wala Aliya hakwenda shule. Mama alimpigia simu muuguzi, naye akaja kabla ya adhuhuri.

"Amahoro," Josias aliwasalimu, kisha akawaomba majirani watoke nje, akafungua dirisha. Alimsikiliza mgonjwa kifuani, akainua chupa kwenye mwanga.

"Anapata dawa kila mara?"

"Kila mara, muganga, bila kukosa," alijibu Bi Kadidja.

"Naona chupa inapungua sawasawa. Basi kipimo hakimtoshi tena. Nitaongeza, mchana na usiku."

Akatoa kalamu. Aliya alikuwa amesimama mlangoni. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini dawa ya baba ingepimwa kwa kufuata uongo wake.

"Muganga, usiandike!" alisema. "Sikumpa. Ile ya saa saba na ile ya saa kumi na moja, nimezimwaga siku hizi tatu. Nilimpa maji ya sukari."

Bi Kadidja alimgeukia. "Aliya! Kwa nini?"

"Nilisikia inakata pumzi. Sikutaka afe."

"Maneno hayo ni yangu," Mama Jephté alisema kutoka uani, ameinamisha kichwa. "Mtoto ameyapata kwangu."

Josias hakugomba. Alimpimia mgonjwa dawa, kipimo kilekile cha zamani, akangoja ameze.

"Shemeji yako aliuawa na ugonjwa, mama," alisema. "Mara nyingi dawa hii hutolewa mtu akiwa amezidiwa, ndiyo maana watu huisingizia. Ikizidishwa ina hatari, kwa hiyo tunaipima. Ikipimwa vizuri, inatuliza ile hali ya kukosa hewa. Aliya, kama ungenyamaza, ningeongeza dawa isiyohitajika. Njoo, nikuonyeshe mengine."

Walimketisha Amuri mbele ya meza, wakaweka mto juu ya meza, akainama na kuuegemea kwa mikono yote miwili. Josias alimpa Aliya kipepeo cha ukindu.

"Mpepee usoni, polepole, hapa puani na mashavuni. Dirisha libaki wazi. Mkaa uwashwe mbali, na wageni waingie wawili wawili."

Aliya alipepea mpaka mkono ukafa ganzi. Haikupita saa moja, mabega ya baba yakashuka.

"Ulitaka nibaki," baba alisema.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Hata mimi nataka kubaki. Lakini si kwa kuzama."

Aliishi wiki tatu zaidi. Aliya hakukosa dawa hata mara moja. Jumanne moja, kabla ya sala ya adhuhuri, pumzi za Amuri zilianza kuachana, moja hapa, nyingine baada ya kitambo, bila yeye kuhangaika. Bi Kadidja alimshika mkono, Aliya akawa anampepea. Kisha pumzi nyingine haikuja.

Siku ya tatu ya msiba, Aliya alimwegemea mama yake, akalia.

"Mama, ninaziwaza zile siku nilizomwaga dawa."

Bi Kadidja alimfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Sitakudanganya, mwanangu. Siku zile zilimtesa baba yako, na hatuwezi kuzirudisha. Lakini ulisema kweli mbele yetu sote, na kwa hiyo hakuondoka akitapatapa. Ukiogopa jambo, uliza anayelijua. Ukikosea, sema siku ileile. Mgonjwa hana pumzi ya kungojea."