Bondeni, Harufu Sifuri

Kwanza ilisikika pumzi. Ilitoka nyuma ya mlango, ndefu na ya taratibu, kama ya ng'ombe anayenusa chumvi. Kisha sauti laini ikasema, "Hodi wenyewe. Shikamooni." Ndipo kilipoonekana: kinusi, mashine yenye kimo cha mtoto wa miaka saba, magurudumu sita, na mrija uliopinda kama mkonga.

Kinusi kilivuta hewa ya uani mara tatu. Ndani ya kifua chake, vihisi elfu moja vilitenganisha harufu ya maganda ya ndizi na ya nepi, ya plastiki iliyoungua na ya samaki wa jana. Kilimuuliza mwenye nyumba maswali matano, kikashukuru, kikaondoka. Ndani ya dakika nne kilikuwa kimeijua nyumba kuliko jirani anavyoijua.

Aliyekibuni ni Nestori Sichalwe, mhandisi kijana wa jiji la Mpanda, jiji ambalo babu zake walilijua kama mji mdogo mwisho wa reli. Yeye na mwenzake Tausi walianzisha Zoazoa, kampuni ya kijamii ya kuzoa taka. Magari yajiendeshayo yangepita mitaani, na mitaa yenye uwezo ingeibeba mitaa isiyo nao. Lakini baraza la jiji lilitaka uthibitisho kwanza: ni nani hasa anayeihitaji huduma hiyo? Basi vinusi vikapita nyumba zote na kugawa wateja katika makundi manne. Kundi la nne liliitwa Wajitoshelezao. Hao taka zao waliziweza wenyewe, na gari lisingefika kwao kwa miaka mitano.

Mtaa mmoja tu uliingia wote katika kundi hilo. Bondeni.

"Nyumba thelathini na moja, harufu sifuri," Tausi alisema asubuhi hiyo, akiitazama ramani iliyoelea juu ya meza. "Nestori, hata wodi ya wazazi haina sifuri."

"Mashine haisemi uongo."

"Haisemi. Ila inadanganyika kama bwana harusi."

Nestori hakucheka. "Nimeiunda mimi. Ninaijua."

"Na Bondeni je, unapajua?"

Bondeni ndiko Nestori alikokulia, kwa shangazi yake Ludovika, dada wa baba yake. Hakuwahi kumwambia Tausi. Kila alipoulizwa kwao ni wapi, alijibu "mjini," na alikuwa hajakanyaga kule kwa miaka sita.

"Saa nane baraza linapitisha orodha ya makundi," Tausi alisema. "Nenda kwa miguu yako. Na pua yako uibebe."

Akaenda. Mtaa ulikuwa umefagiwa hadi ardhi ikabaki na mistari ya fagio. Mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo alipomwona alipiga vigelegele. "Mhandisi wetu! Ile mashine yako imelelewa bwana, inaamkia wakubwa!" Nestori akatabasamu, akapita haraka.

Shangazi Ludovika alikuwa ameketi kizingitini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa cha kanga.

"Karibu, baba. Tukae hapa hapa nje, kuna upepo."

Nestori alishtuka. Mwanamke huyu hakuwahi kumketisha mgeni nje, hata mkusanya kodi. Halafu akasikia harufu, nyembamba, ikipenya kwenye ufa wa mlango uliokuwa nyuma yake.

"Shangazi, kuna nini chumbani?"

"Vitu vyangu."

Alimpita na kusukuma mlango. Magunia yalipanda hadi kwenye mabati, ukuta hadi ukuta. Kitanda hakikuonekana. Dirisha na nyufa zote zilikuwa zimekandikwa udongo wa kichuguu na majivu, kama vile watu wa zamani walivyokandika vihenge vya nafaka; udongo wa mlangoni tu ndio uliokuwa umekauka na kupasuka. Vihisi elfu moja vilikuwa vimeshindwa na udongo wa mchwa.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Tangazo lilikuja siku tatu kabla, na jina lako chini. Mgeni anakuja, ametumwa na Nestori. Ulitaka akute uchafu?" Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Nikawaambia majirani, mtoto wetu anatazamwa na wakubwa, tusimwaibishe. Wakasema, taka tuziweke wapi? Kuzichoma, zitanuka. Nikasema leteni kwangu, mimi nitalala jikoni. Tukajibu maswali yote vizuri. Tungezitoa, lakini tulisikia kinusi kinaweza kurudi bila hodi."

Nestori ndiye aliyeamuru tangazo litangulie. Aliliita heshima kwa mteja. Hakukumbuka kwamba kwao mgeni akitajwa, ufagio hutangulia.

"Na mkono?"

"Bati limenichana ndani ya gunia. Litapona."

Nestori akakifungua kitambaa. Kiganja kilikuwa kimevimba, chekundu hadi kwenye kifundo.

"Shangazi, ungeniita!"

"Siku ya mahafali yako nilikuja. Nilisimama kwenye uzio, ukapita na wenzako, ukanitazama, ukaenda. Nikasema, hajaniona." Aliinua macho. "Mashine yako iliniamkia, Nestori. Wewe leo hujaniamkia."

Nestori alikuwa amemwona siku ile. Alikuwa ameyaona hata makubazi yake ya matairi. Akaketi vumbini, na kwa mara ya kwanza hakuijali suruali yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nisikilize: baraza usiliambie habari za chumba hiki. Niache na heshima yangu."

"Nikinyamaza, magunia haya yatakaa nawe miaka mitano."

Ludovika akageuza uso.

Nestori aliushika mkono wake wa kushoto, ule usio na jeraha. Alizungumza kwa sauti, mama wa mihogo akasikia, na mtaa ukasikia. "Tunaanza zahanati, sasa hivi. Saa nane nitasimama mbele ya baraza, na Tausi akiwepo. Nitasema mimi ni wa Bondeni, nimelelewa na Ludovika Sichalwe, na chumba kilichojaa taka ni changu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekijaza. Ile orodha nitaichana kwa mikono yangu. Na kesho asubuhi, kabla gari lolote halijafika, gunia la kwanza nitalitoa mimi, kichwani, nikipita barabara kuu. Nakuahidi, Shangazi. Safari hii nitakuona."