Kitabu Kilichofunga Njia ya Atumani

Apa kwanza. Weka mukono kifuani, useme haya hayatavuka mulango wako, hata bwana yako usimuambie, juu yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuyatangaza. Umeapa? Vizuri. Mimi pia niliapa hivyo hivyo, tena mbele ya Maalimu Souleymane, na tangu Ramadhani kile kiapo kinaniwasha ulimi. Basi sogea.

Ilianza na kivuli. Kwa Mama Faida, hapa Kasongo, wanawake wanatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya jikoni alasiri, juu jua likisha kupinda, ukuta unatoa kivuli upande ule. Siku moja Chadia, muke wa mwanawe, akabeba kinu kama kawaida, akakuta jua linawaka pale pale. Kivuli kimelala mbele, mulangoni, kama bado ni asubuhi.

"Mama, leo jua limerudi nyuma," akacheka.

"Jua halina wazimu," Mama Faida akajibu bila kugeuka. "Mwenye wazimu ni mutu wa kutwanga na kusema pamoja."

Ndani ya nyumba, chumbani, kitu kikafanya krrr. Kikanyamaza. Krrr tena, kama panya anatembea juu ya karatasi kavu. Na harufu ikatoka, ya nta na maji yaliyokaa.

Wakati ule walikuwa wanamungoja Atumani. Ni mutoto mumoja tu Mama Faida alizaa (Faida ni jina lake mwenyewe), na anachimba zahabu kule Salamabila. Alikuwa ametuma habari: anakuja na moto, pikipiki yake, kumuchukua Chadia, wakaishi kule. Chadia alikuwa amesha kufunga mizigo. Mama Faida, tangu habari ile, alikuwa anaacha bugali katikati ya sahani.

Sasa kitabu. Kilikuwa ndani ya sanduku la marehemu bwana yake, kimetoka kwa babu zake waliokuwa wafanyabiashara, na wao walikitoa wapi, hakuna anayejua. Ngozi yake ngumu kama kisigino. Mwaka jana walimuita prof Gédéon wa sekondari akitazame. Alikishika kama mutu anashika mutoto muchanga wa mwengine.

"Mama Faida, hiki ni Kilatini. Kilichapwa Ulaya, inapita miaka mia ine. Kinasema juu ya nyota, na inchi za dunia, na njia za kusafiri. Usikiache karibu na taa."

Katikati yake iko ukurasa wenye magurudumu ya karatasi, moja juu ya ingine, yameshonwa na uzi. Ukisukuma na kidole yanazunguka: jua, mwezi, majina ya inchi.

"Kumbe wazungu pia walikuwa wanapiga falaki!" Mama Faida alisema. Juu katika nyumba ile hakuna mutu alisafiri bila marehemu kufungua falaki kwanza, kuangalia kama siku ni nzuri. Na marehemu alikuwa anafukiza ubani, anaomba ruhusa. Kitabu kile, nani alikiombea ruhusa?

Siku ya safari Atumani akapiga simu. "Mama, natoka sasa. Magaribi nitakula kwako."

Magaribi ikapita. Simu ikalia.

"Mama, nimeingia Salamabila."

"Umetoka Salamabila!"

"Nimetoka. Niliendesha mbele tu, sikukata kona. Nikaona nyumba, nikasema nimefika karibu. Kumbe ni wale wale niliowaaga, wananicheka."

Kesho yake akajaribu tena, vile vile. Halafu akapanda moto ya mutu mwengine. Yule mushoferi alifika Kasongo muchana, na begi ya Atumani imefungwa nyuma, na kiti kitupu. Aliapa mbele ya watu wote: "Alikuwa amenishika kiuno mpaka hapa musikitini. Mpaka hapa! Tulikuwa tunaongea!" Na Atumani? Jioni akapiga simu, amejikuta Salamabila tena.

Eh, mutaa ukachemka. Mama Faida naye akamunyooshea Chadia kidole.

"Ni huyu! Nimemuona na kitabu, anazungusha magurudumu! Anataka mwanangu apotee, yeye aolewe na mwengine."

"Mama, mimi ndiye nimefunga mizigo," Chadia akasema polepole. "Nani anafunga mizigo halafu anafunga njia?"

"Aitwe Maalimu! Huyu ashikwe mbele ya watu!"

Maalimu Souleymane akaja kiisha sala ya alasiri. Akatandika mukeka, akafungua kitabu katikati, kwenye magurudumu. Majirani wakajaa mpaka dirishani, na prof Gédéon kati yao. Simu ikawekwa chini, sauti juu, na Atumani yuko ndani yake, yuko njiani tena, kwa miguu safari hii.

"Kila mutu mikono juu ya magoti," Maalimu akanong'ona. "Anayezungusha ataonekana."

Akaanza kusoma. Moshi wa ubani ukapanda, halafu ukasimama, na ile harufu ya nta ikaumeza, na kivuli cha mulango, ambacho kilikuwa kimelala juu ya miguu ya Chadia, kikaanza kutambaa, kikavuka mukeka, kikapanda ukuta kama maji yanayopanda, na watu wakasikia krrr, krrr, karibu kabisa, na wote wakageuka kumuangalia Chadia, na Chadia mikono yake iko juu ya kichwa, vidole vimefunguka, analia bila sauti, na Mama Faida bado anapiga kelele, "Mumushike! Mumushike!", na mukono wake wa kuume, ukiwa umenyooka mbele yake, kidole kimo ndani ya gurudumu, kinasukuma.

Yeye mwenyewe akakiona kidole chake mwisho, kiisha watu wote.

"Mara moja tu!" akalia. "Nilizungusha mara moja tu, achelewe kidogo, wasiniache peke yangu! Mutoe! Mutoe mukono wangu!"

Wanaume wane wakavuta. Prof Gédéon akamushika kiuno. Bega likalia, kidole hakikutoka, gurudumu halikusimama. Maalimu akasahau aya aliyokuwa anasoma, akaanza upya, akasahau tena.

Chadia akaitupia simu mikono miwili. "Atumani! Simama! Usitembee tena, simama hapo hapo!"

"Nimesimama tangu zamani, Chadia," sauti ikajibu, mbali. "Ni njia ndiyo inatembea."