Mchumba Aliyekataa Kutia Sahihi

"Tia sahihi hapa, yaishe."

"Sitii."

"Mkuu, usinitanie. Ijumaa saa kumi wanafunga kupokea fomu."

"Sikutanii. Nimesema sitii."

Barafu aliweka bisibisi mezani kwa kishindo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu friji lililowashinda mafundi wengine likifika kwake, siku hiyohiyo linagandisha. Karakana ilikuwa ya huyu mwanaume aliyesimama mbele yake na kalamu mkononi. Mbele ya wateja alimwita Mkuu. Lakini mwezi uliopita Mkuu huyohuyo alikwenda nyumbani kwao kujitambulisha kwa mama yake kama mchumba, shati limenyooshwa, jasho linamtiririka.

Na msimwone anaing'ang'ania fomu mkadhani ni tamaa. Miaka mitatu binti wa watu anatafuta ufadhili akasomee uhandisi. Mfuko wa kwanza ulitaka yatima; baba yake alitoroka nyumbani zamani, hajulikani alipo, ila kufa hajafa. Wa pili ulitaka walio chini ya miaka ishirini, na yeye ana ishirini na nne. Wa tatu wakampigia kumpongeza, wakamwomba hela kidogo ya kufungulia faili. Akatuma. Simu yao haijapatikana mpaka leo. Sasa ndio ukaja huu wa wasichana mafundi: ada, hosteli, chakula, vitabu, kila kitu juu yao. Kila mwombaji anapewa fomu moja tu, na yake ilibaki sehemu moja, ya mwajiri.

"Nisomee hapa," Mkuu alisema.

"Kwani wewe hujui kusoma?"

"Nisomee wewe, nisikie."

Barafu akavuta pumzi. "'Nathibitisha kwamba sina undugu wala uhusiano wa kimapenzi na mwombaji.' Haya, umesikia. Tia sahihi."

"Yaani niandike kwamba wewe si wangu?"

"Ni karatasi tu, jamani!"

"Kwako ni karatasi. Mimi nilikaa sebuleni kwenu nikamwambia mama yako nakupenda. Leo niandike kwa mkono huuhuu kwamba hakuna kitu? Na wakigundua?"

"Nani atawaambia?"

"Sijui. Ila nikisaini uongo, utasoma miaka minne roho juu."

"Roho juu nitakuwa nayo mimi, wewe inakuhusu nini? Sema ukweli wako! Hutaki niende. Unataka nibaki hapa nikuchomelee mabomba mpaka nizeeke!"

Mkuu aliiweka kalamu mezani. "Kukukosa naogopa, sikatai. Lakini si kwa sababu hiyo."

"Ni hiyohiyo!"

Akavua aproni, akaitupa juu ya friji lililofunguliwa mgongo.

"Niachie fomu," Mkuu alisema.

"Baki nayo! Uioe na ndoa ufunge nayo!"

Akatoka. Alilia njia nzima mchana kweupe, na wala hakujali nani anamtazama.

Mama yake alikuwa kwenye cherehani aliposimuliwa. Mguu ukasimama juu ya pedali.

"Yaani amekataa? Huyuhuyu niliyempa kiti kizuri?"

"Huyohuyo, mama."

"Basi asikanyage tena hapa. Mimi nilimwambia wazi, ukimtaka mwanangu umtake na akili zake. Akaitikia 'ndiyo mama, ndiyo mama', kumbe ananizuga!"

Alhamisi Barafu akameza hasira, akaenda kuifuata fomu yake amtafute mtu mwingine wa kusaini. Akakuta kufuli. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, karakana imefungwa! Akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena. Wapi! Akajua mwanaume amejificha makusudi.

Ijumaa saa kumi kasoro robo ujumbe ukaingia:

"Fomu nimeipeleka mwenyewe, wameipokea. Samahani jana nilikuwa mbiombio, simu iliisha chaji."

Akajibu: "Sehemu yako umeandika nini?"

"Ukweli."

"Basi umenimaliza. Kuanzia leo tusijuane."

Akamfungia namba. Mama akasema afadhali. Barafu naye akasema afadhali, kisha akaenda kuoga akakaa bafuni muda mrefu kuliko kawaida.

Wiki tatu zikapita. Alikuwa anafuata vitambaa vya mama sokoni simu ilipoita, namba ngeni.

"Naongea na mwombaji wa ufadhili wa wasichana mafundi?"

"Ndiyo, lakini kama ni hela ya faili, mimi sina."

Mwanamke wa upande wa pili akacheka. "Hatutaki hela yako, dada. Tunakutaka wewe. Jumatatu saa tatu, usaili."

Jumatatu saa mbili na nusu alikuwa tayari kwenye benchi la korido. Chumbani kulikuwa na meza ndefu na watu watatu, mwenyekiti wao mama mmoja mwenye miwani iliyoshuka mpaka ncha ya pua. Wakamuuliza namna friji linavyotoa joto. Hapo alitiririka mpaka mmoja akaomba arudie taratibu ili aandike.

Kisha mama mwenyekiti akavuta karatasi.

"Mwajiri wako hakutia sahihi."

"Najua, mama."

"Unajua alichoandika?"

"Hapana."

"Kaa vizuri, nikusomee." Akasukuma miwani juu. "'Siwezi kuthibitisha, kwa sababu mimi ni mchumba wake na nampenda. Neno langu msilihesabu. Waulizeni hawa ambao hawana sababu ya kumpendelea.' Chini yake kuna barua kumi na moja."

"Kumi na moja?"

"Muuza samaki. Mwenye bucha. Mpishi wa shule. Na huyu mfamasia, sikiliza anavyosema: 'Friji langu la dawa lilizima tangu Jumamosi, mimi sikujua. Binti huyu alilitengeneza, kisha akaniambia dawa zote za ndani zimeshaharibika, nisimpe mgonjwa hata moja. Nilimfokea na kumfukuza, maana ilikuwa hasara kubwa. Nilipozipeleka kupimwa nikakuta alisema kweli. Sijawahi kumwomba radhi. Naiomba hapa.'"

Barafu akafunika uso kwa mikono miwili. Mfamasia yule! Kila wakikutana alikuwa anavuka barabara asisalimiane naye. Kumbe Mkuu alikwenda mpaka kwake?

"Tumewapigia wote," mama mwenyekiti aliendelea. "Na nikwambie, mwaka huu tumekuta waajiri sita walioandika hawana uhusiano, kumbe ni wapenzi na waume. Wote sita, waombaji wao tumewaondoa. Sasa swali la mwisho, nijibu kweli. Huyu bwana ni mchumba wako?"

Angeweza kusema hapana. Si walishaachana? Namba si alimfungia?

"Alikuwa," alisema. "Nilimtukana, nikamwacha. Ila mimi bado ni wake. Kama naye bado ananitaka, basi ndiyo, ni mchumba wangu."

Mama mwenyekiti akafunga faili. "Sisi hatugawi wachumba, tunagawa ada. Ada umepata. Hilo lingine kamalize mwenyewe."

Hakungoja kesho. Alifika karakana akihema, akamkuta Mkuu kichwa kimezama ndani ya friji la muuza samaki, na mwenye friji kasimama pembeni mikono kiunoni.

"Mkuu."

Kichwa kikatoka haraka, kikajigonga. "Barafu?"

"Nimepata."

"Umepata?"

"Yote! Miaka minne!"

Mkuu akakaa chini palepale, sakafuni, akaanza kulia mtu mzima na ndevu zake.

"Jamani, na friji langu?" muuza samaki akauliza.

"Subiri, mama! Leo mchumba wangu amepata chuo!" Akashtuka, akamtazama Barafu. "Samahani. Ulisema tusijuane."

"Nilisema upumbavu. Nisamehe. Kwa mfamasia ulikwenda mara ngapi?"

"Mara tatu. Mbili alinifungia mlango."

"Na wewe ukarudi?"

"Ningerudi hata mara kumi. Watu wote wanajua unavyojua kazi. Niliona aibu ile sehemu ya fomu ibaki tupu."

Barafu akachuchumaa, akamfuta machozi kwa kiganja, kiganja kikajaa grisi. "Unanitaka bado?"

"Swali gani hilo?"

"Basi tuoane kabla chuo hakijafunguliwa. Sitaki kukuacha huku hueleweki ni wa nani."

Muuza samaki akapiga kigelegele. Barafu akampigia mama yake simu, akaweka sauti kubwa, akamweleza kila kitu, barua moja baada ya nyingine. Upande wa pili cherehani ikanyamaza.

"Mpe simu huyo," mama alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilisema mabaya juu yako, baba, unisamehe. Ila nataka nikusikie kwa masikio yangu. Huyu atarudi mhandisi. Atakuzidi elimu, pengine na kipato. Utaweza?"

Mkuu alimtazama Barafu, ambaye alishavaa aproni na kuinama kulikagua friji la watu.

"Mama, kunizidi alishanizidi zamani. Mimi nataka na wengine wajue."