Kipande cha Kifuani

Mnisamehe mapema. Hadithi ya kutisha inataka mtu mwenye sauti nzito na aibu kidogo, na mimi vyote viwili nilinyimwa. Nimezoea jukwaa: watu wacheke, mimi nile. Nikiiharibu hii, nizomeeni taratibu. Kuna mtoto mgonjwa ndani yake.

Jioni moja pale Samuye, Asteria, Mama Cornel, alitoka kwenda kuanua blanketi kwenye ua wa minyaa. Kijiji kizima kinalijua blanketi lile. Wanaliita drafti: mraba wa kaniki nyeusi, mraba wa nguo ya mtu, mweusi, mtu, mweusi, mtu. Kila mwana ukoo ana mraba wake. Na lina sharti: mwenye nguo awe hai, akae mbele ya mkasi, aseme kwa mdomo wake, "Nakupa." Miaka kumi na minane Asteria ameshona kwa mkono, na sharti hajalivunja.

Isipokuwa mara moja.

Mwanawe Cornel alichimba dhahabu kule upande wa Bugarama. Kila akija nyumbani mama alimwonyesha mkasi, naye akacheka. "Mwakani, mayu, mama yangu, shati hili bado linanipendeza." Masika yaliyopita duara lao, lile shimo la kuchimbia, lilititia naye akiwa chini. Wenzake walifukua siku sita, wakaacha. Ikabidi ukoo uzike nguo badala ya mwili: shati lake la kutokea, la bluu. Mtani wa ukoo akalivaa kwanza, kama ilivyo ada, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea kifua mbele kama jogoo wa jirani, hata waliokuwa wakilia wakacheka. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kulivua na kulifunga kwenye shuka.

Ila alfajiri, kabla mtani hajafika, Asteria alikuwa ameshakata mfuko wa kifuani. Hakuomba ruhusa. Angemwomba nani?

Mraba wa bluu ukakaa katikati ya drafti, na aliyefunikwa drafti hilo ni Blessing, binti pekee wa Cornel, miaka mitano, anayelelewa na bibi yake.

Wiki ya pili Blessing akaanza kutetemeka. Akikohoa, anatema mchanga. Mwekundu, mbichi. Zahanati wakampa dawa ya kifua, wakamgombeza bibi kwamba mtoto anakula udongo.

Sasa, jioni hiyo Asteria akavuta blanketi.

Halikuja.

Upande wa pili wa minyaa kulikuwa na mtu ameshika pindo. Harufu ikatangulia: udongo wa chini kabisa, baruti, maji yaliyolala.

Tone... Tone...

"Mayu."

Marehemu akikuita huitiki. Asteria alilijua hilo tangu utoto. Akauma ulimi.

"Mayu... kifuani panaingia maji."

Hapo ulimi ukamponyoka Asteria. "Nilitaka nibaki na kidogo tu, mwanangu."

"Sikukupa."

Pindo likaachiwa. Lilikuwa limelowa.

Akaingia ndani, akashika wembe, akafumua mshono wake mwenyewe, ule uliosifiwa kwamba haufumuki, uzi kwa uzi, Blessing akimtazama. Katikati ya drafti pakabaki dirisha. Akaenda kaburini, akafukua pembeni kwa mikono, akakizika kile kipande. Hakuwa na kingine cha mwanawe.

Blessing akalala bila kikohozi. Siku moja.

Kesho yake, saa ileile, ua uleule.

Tone...

"Mayu... kipande nimekipata."

Asteria akashusha pumzi. Akafungua mdomo ashukuru.

"Shati liko wapi?"

Hajui. Ameuliza ukoo mzima. Blessing amerudi kukohoa, na mchanga sasa unatoka na vijiwe. Mwisho Asteria akamwendea yule mtani, akamsimulia yote haya niliyowasimulia.

"Wewe ndiye uliyelifunga, baba," akamwambia. "Lilikuwemo?"

"Lilikuwemo, Mama Cornel."

Akashukuru. Akaondoka akijifunga kanga, mkono mmoja kifuani.

Haya. Yule mtani ni mimi. Siku ile nyuma ya nyumba nilitazama ile kola ilivyosimama, nikaona udongo hautaithamini. Nikafunga shati langu kuukuu kwenye shuka, lake nikalivalia koti juu. Tundu la kifuani nililiona, nikasema panya. Tangu hapo ndilo vazi langu la jukwaani. Nikitoa kidole kupitia lile tundu, ukumbi unavunjika mbavu.

Siku hizi pale kwenye tundu panatota. Nalianika, halikauki. Kila Jumatatu napanga kulirudisha, kila Jumatatu naona haya.

Wezi wa makaburini huiba sanda. Mimi nimeiba marehemu mzima, nikamvaa, na hapa nilipo bado nasubiri mnipigie makofi.