Safu ya Mdudu wa Uongo

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na asiyetaka kuamini na aache.

Dada alifanya kazi maabara. Kila asubuhi alihesabu bakteria kwenye chupa za maji machafu, akaziingiza hesabu kwenye kompyuta, na programu ikachora mishale: huyu anamlisha yule, yule anamuua huyu. Alikuwa akinieleza kwamba vitu viwili kuandamana si ushahidi kuwa kimoja kimekileta kingine. Jogoo asipowika, kutakucha vilevile. Ndiyo maana walikuwa na desturi ya kuongeza mdudu mmoja wa uongo, mwenye namba za kubuni. Mshale ukimgusa huyo, ujue programu inaropoka.

Siku hiyo aliona uvivu kubuni. Mkobani alikuwa na kadi ya kliniki ya mwanawe, akanakili uzito wa mtoto wiki kwa wiki kwenye safu ya mdudu huyo.

Mishale yote ikamgeukia mdudu wa uongo. Yote ya kuua.

Alicheka, akamwita fundi mwenzake aone. Wakarudia mara tatu, mishale ikawa ileile. Jioni mtoto akakataa kunyonya.

Wiki ile mtoto alipukutika. Daktari alipima damu, choo, kifua, asione kitu. Dada akaifuta ile safu. Kesho yake akaikuta palepale, na namba mpya chini yake. Kilo saba na nusu. Mtoto alikuwa ametoka kupimwa asubuhi hiyo, kilo hizohizo, na kadi alikuwa nayo dada mwenyewe.

Alinipigia simu, akawa ananong'ona.

"Mdogo wangu, haikubali pabaki patupu. Inataka uzito wa mtu."

"Njoo nyumbani, dada. Umechoka."

"Nimeshaweka wangu."

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Lakini jioni ile mtoto alinyonya mpaka akasinzia. Aliyeanza kukonda ni dada. Mabega kwanza. Kisha mashavu. Kisha sauti. Baada ya miezi mitatu tulimzika, na waliobeba jeneza walitazamana kwa wepesi wake.

Mtoto nikamchukua mimi. Sasa ananiita mama, na kila akiniita roho inaniuma.

Jana nilimpeleka kliniki. Amenenepa, mashallah, kilo kumi na moja nukta mbili. Muuguzi hajamaliza kuandika, simu ikaita. Alikuwa yule fundi wa maabara. Akasema safu ya dada, iliyokaa kimya tangu msiba, imejiandika namba mpya. Nilimkataza kuisoma.

Akaisoma.

"Kumi na moja nukta mbili. Ni ya nani hii?"

Mtoto alikuwa akicheza na kifungo cha gauni langu.

"Usikate simu," nikamwambia.

Nikamkabidhi muuguzi mtoto, nikavua viatu, nikapanda mizani.