Nilimfanya Mzee Kisaka Msaliti

Nina miaka thelathini na minane, mama wa mtoto mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huku Taveta. Mume sina. Nilikuwa naye, na sikumpoteza kwa pombe wala kwa mwanamume mwingine, kama majirani walivyopenda kusema. Nilimpoteza kwa mchezo wa kuigiza... Mtacheka. Chekeni tu, lakini msome mpaka mwisho, hasa wewe unayejiona una kipaji cha kuandika.

Wakati huo tulikaa Voi, kwenye nyumba za reli. Mume wangu, Mwakio, alikuwa karani wa stesheni. Mimi ni Mtaita wa milimani, kwetu ni karibu na Wundanyi. Yeye ni wa Kasigau, ule mlima unaosimama peke yake upande wa Maungu. Tulipendana jamani! Nilikuwa na kazi, nina mume asiyenipiga, nina binti yangu Wakesho. Nilitaka nini tena?

Nilitaka kusifiwa. Ndiyo, nasema wazi. Nilitaka watu wa Voi wanione barabarani na kunong'onezana, yule ndiye mwalimu anayetunga michezo.

Mama mkwe wangu, Mama Saru, alikuwa akija kutoka Kasigau mara mbili au tatu kwa mwaka, na kikapu cha mbaazi kichwani. Alinipenda kuliko mama mkwe yeyote niliyewahi kumsikia. Aliketi jikoni kwangu kwenye kigoda, akichambua mbaazi, akizungumza mambo ya zamani. Nami nilikuwa na madaftari ya watoto mapajani, nikisahihisha hesabu na kuitikia tu... mhh, mhh, kumbe mama... mhh.

Siku moja aliniambia mambo matatu. Kwamba baba yake aliitwa Kisaka. Kwamba katika vile vita vya kwanza, Waingereza na Wajerumani walipopigania Kasigau, baba yake ndiye mtu wa kwanza kufungwa kamba na askari wa Mwingereza. Na kwamba kichwa cha baba yake hakiko pangoni pamoja na ndugu zake.

Kwa msomaji wa mbali, nieleze. Zamani kwetu mtu mzima akifa alizikwa, na baada ya muda kichwa chake kilifukuliwa, kikawekwa kwenye pango la ukoo, safu moja na baba zake. Dini ilipokuja, desturi hiyo ikaachwa, lakini mapango yapo hadi leo. Mtu ambaye kichwa chake hakikuwekwa pale, alihesabiwa kama asiye na kwao.

Je, nilimwuliza mama kwa nini baba yake hayupo pangoni? Sikumwuliza! Ugali ulikuwa jikoni na madaftari yalikuwa arobaini. Nilisema pole mama, nikafungua daftari lingine.

Mwaka huo hedimasta wetu akataka mchezo wa kupeleka kwenye tamasha la shule. Akanikabidhi mimi. Nikamkumbuka Kisaka. Nikaenda kwenye kabati la vitabu shuleni, nikakuta kijitabu kimoja cha kale kilichosema, kwa mstari mmoja tu, kwamba Wajerumani waliiteka ngome ya Waingereza huko Kasigau kwa sababu wenyeji waliwaonyesha njia. Mstari mmoja! Basi, nikaunganisha. Kisaka alifungwa kamba? Kumbe alikuwa na hatia. Kichwa chake hakiko pangoni? Kumbe wazee walikikataa kwa aibu. Nilijiona mjanja wa kutunga... mjanja ambaye hajawahi kuzaliwa Taita nzima!

Nikaandika kwamba Kisaka aliuza njia ya mlimani kwa vipande viwili vya kitambaa. Nikaandika kwamba alikufa akilia, na wazee wa ukoo wakasimama mlangoni mwa pango wakasema, huyu hapiti. Na jina sikulibadilisha. Nilisema moyoni, Kisaka ni jina zuri jukwaani, fupi, mtoto hawezi kulisahau.

Mwakio alijua naandika mchezo juu ya Kasigau. Hakuusoma. Aliniamini, masikini. Siku ya tamasha hapo Voi akamleta mama yake, wakaketi mstari wa mbele, Mama Saru amevaa leso mpya.

Watoto waliigiza vizuri ajabu. Ilipofika pale wazee wanapokikataa kile kichwa, ukumbi mzima ulisimama ukipiga makofi. Na katikati ya makofi hayo nilimwona Mama Saru anainuka, anakaza leso yake kiunoni, anatoka nje bila kugeuka. Nilidhani amezidiwa na joto!

Tulishinda. Nikarudi nyumbani na kikombe mkononi. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda chake na kikapu kimeshafungwa.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani alikwambia wazee walimkataa baba yangu?"

Nikasema, "Hakuna mtu, mama. Nilifikiri tu."

"Ulifikiri." Akatikisa kichwa. "Nami nilikuwa hapa hapa, mwanangu. Si ungeniuliza?"

Hakunitukana. Ningependa angenitukana! Alibeba kikapu chake akaenda stesheni, na mwanawe nyuma yake, na mimi nikabaki na kile kikombe.

Hapo ndipo mikosi ilipoanza kufuatana. Mchezo ule ulipendwa mno. Shule nyingine ziliuomba, walimu wakaunakili kwa mkono. Watoto wa Voi wakatunga wimbo wa kurukia kamba... Kisaka, Kisaka, kichwa chako ki wapi? Mtoto yeyote wa Kasigau aliyekuja kusoma Voi akaitwa Kisaka. Pale Maungu, mama mmoja wa Kasigau aliyeniuzia mayai miaka mitatu aliyafunika mayai yake aliponiona, akasema yameisha. Yalikuwa trei nzima!

Kisha siku moja mchana Wakesho, miaka sita, akarudi kutoka shule na sare imechanika begani. Alikuwa amepigana. Akaniuliza, "Mama, Kisaka ni nani? Wanasema ni babu yangu, na mimi nitauza watu."

Ewe msomaji, wewe ungemjibu nini mtoto? Nilikuwa nimemtungia mwanangu mwenyewe tusi, nikalipeleka jukwaani, nikapewa zawadi kwalo!

Mwakio hakunipiga wala kupaza sauti. Aliniambia neno moja tu. "Mama yangu alikuwa jikoni kwako," alisema, "ukaenda kumwuliza kabati." Mwezi uliofuata aliomba kazi Mombasa akaenda. Baadaye nikasikia ana mke mwingine. Simlaumu... haya, namlaumu kidogo. Huyo mke mwingine angeweza kungoja. Lakini sikumfuata kumlilia. Ng'o! Kosa langu nililijua, na wa kumwomba msamaha alikuwa mmoja tu, naye hakuwa Mombasa.

Likizo ilipofika nilimwacha Wakesho kwa mama yangu, nikadandia lori la mkaa kutoka Maungu hadi Kasigau. Mama Saru alinipokea kama anavyopokelewa mgeni asiyejulikana. Alinipa kiti, akanipa chakula, hakunipa neno. Siku tatu nilimchotea maji, nikampalilia, nikalala kwenye mkeka. Siku ya nne asubuhi akachukua fimbo yake akasema, "Twende."

Tulipanda mlima, yeye mbele, na umri wake ule! Tukafika kwenye mwamba. Chini yake, kwenye kivuli, nikaona vichwa vimepangwa, vyeupe, vyote vinatazama upande mmoja. Akaanza kunionyesha kwa fimbo. Huyu babu yangu. Huyu ndugu yake. Huyu baba yao. Kisha fimbo ikafika mwisho wa safu, pakavu, jiwe tupu.

"Hapa ni pa baba," akasema. "Na hapa pa baba mdogo. Na hapa pa mjomba wa nyumba ya pili. Hesabu mwenyewe."

Mahali patupu palikuwa pengi. Si kichwa kimoja kilichokosekana, wasomaji wenzangu. Kilikosekana kizazi kizima! Na mimi niliyesomeshwa, niliyevaa viatu, nilikuwa nimewaambia watu ni mzee mmoja amekataliwa.

Nikauliza swali nililopaswa kuuliza jikoni kwangu. Kwa nini?

Akaniambia yote, pale pale, tumeketi kwenye jiwe. Ngome ilipotekwa, Waingereza waliporudi walisema lazima kuna aliyewaonyesha Wajerumani njia. Wakamfunga Kisaka kwanza, si kwa sababu alikuwa na hatia, bali kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu. Wakamwuliza ni nani aliyeonyesha njia. Akasema hajui, na kweli hakujua. Nyumba zikachomwa. Kisha watu wote, wazee, wanawake, watoto wa mgongoni, wakaondolewa mlimani kwa miguu, wakapandishwa gari moshi, wakapelekwa mpaka Malindi. Watu wa mlima mkavu, wakatupwa kwenye joto na mbu wa pwani! Homa iliwafagia. Kisaka alikufa mvua za kwanza tu. Mkewe na bintiye walimzika kwenye mchanga, bila jiwe, kwani huko mawe yatoke wapi?

Mama Saru aliondoka Kasigau meno ya utotoni yakimng'oka. Aliporuhusiwa kurudi alikuwa mama wa watoto. Kabla ya safari walienda kumtafuta Kisaka ili wamrudishe pangoni na ndugu zake. Mchanga ulikuwa umehama, minazi imepandwa, hawakumwona. "Nilichimba mahali pane," aliniambia. "Kwa mikono hii."

Nililia mpaka nikaishiwa na pumzi. Alininyamazisha kwa ukali. Alisema machozi hayatamsaidia baba yake, niliyesema uongo mbele ya watu nikaseme ukweli mbele ya watu. Akaniambia mpaka nitakapofanya hivyo, nisimwite mama.

Nikafungua daftari. Sasa ndiyo nikaanza kazi ya mwandishi! Likizo nzima nilikwenda nyumba kwa nyumba kwa wazee waliofika Malindi na kurudi. Nikauliza walikula nini, walilala wapi, askari walivaa nini miguuni. Wengine walipingana. Mmoja alisema walipitia Voi, mwingine akaapa ni Maungu. Sikuchagua iliyonipendeza, niliandika zote mbili, na mchezo mpya ukawa na wazee wawili wanaobishana juu ya njia waliyopita wakilia. Hakuna kitu nilichowahi kubuni kwa akili yangu kilichofikia hapo.

Nikampelekea hedimasta. Akausoma, akaurudisha. Alisema watu wanapenda msaliti, mwalimu, huu wa sasa msaliti yuko wapi? Tena wageni wakubwa walikuwa wanakuja Wundanyi kwa sherehe, na walikuwa wameahidiwa mchezo wa Kisaka, ule ule wa kikombe. Nikamwambia hautachezwa. Akaniuliza mimi ni nani wa kukataa. Nikamjibu, mimi ndiye niliyeutunga uongo huo!

Siku ya sherehe walitaka kuucheza kwa nguvu. Watoto wamevaa, wageni wameketi, maspika yanavuma. Nikapanda jukwaani kabla ya pazia. Nikasema, "Mchezo huu niliuandika mimi na ni uongo. Mzee Kisaka hakumuuza mtu. Alikufa Malindi pamoja na watu wake, na kaburi lake halijulikani." Hedimasta alinivuta gauni. Sikushuka! Nikawasimulia pale pangoni, mahali patupu baada ya mahali patupu, mpaka mwisho, na mchezo ule haukuchezwa.

Wiki mbili baadaye nikapewa barua ya uhamisho, upande wa pili wa wilaya, Taveta. Walidhani wananiadhibu. Thubutu! Nilifunga virago nikaja, na daftari langu kwapani.

Mwaka uliofuata vijana wa kanisa la Kasigau ndio waliocheza mchezo mpya, uwanjani, mchana kweupe, mbele ya watu wao. Mama Saru aliketi mbele, mkono shavuni. Wakesho alikuwa karibu yake. Ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanapangusa macho. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, nikangoja.

Aliutoa mkono shavuni. Kisha akasema, "Umekosea mahali. Umesema huko Malindi tulipewa mahindi. Tulipewa mchele. Hatukujua kuupika. Mama yangu aliusaga akatusongea, ukawa gundi, na baba akacheka. Ndiyo mara ya mwisho nilimwona akicheka. Andika hivyo, mwanangu."

Mwanangu! Nilitoa kalamu nikaandika nikiwa bado nimepiga magoti.

Ndugu msomaji unayeandika, nakuomba usipite njia yangu. Usijaze pengo kwa akili zako wakati mwenye habari yuko hai, anakuchambulia mbaazi. Akikwambia jambo, uliza kwa nini. Akijibu, uliza tena, na ugali uungue ukitaka kuungua! Kazi yangu ya Voi nilinyang'anywa, mume nilipoteza, na sijutii hata kidogo kusimama siku ile Wundanyi. Ninachojuta ni yale mhh, mhh ya jikoni. Mama Saru amefariki mwaka huu. Kabla hajaenda nilijaza madaftari kumi na moja, na nilipofika kwenye la kumi na mbili alikuwa hawezi tena kusema.